Wachezaji wa vyuo tunaowashangilia hapa Moshi ni vijana wa miaka 20, tuwaache wapumue

Steshenari ya Getini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu mashindano ya vyuo yaishe kuna kipande cha video kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mji huu. Golikipa wa kike wa chuo kimoja hapa hapa Moshi, mpira unamponyoka mikononi, unaingia wavuni. Ni sekunde chache tu. Ila maneno yaliyoandikwa chini yake yanatisha, na walioandika ni watu wazima, wengine nawafahamu, wana mabinti wa rika lile lile. Mechi moja kabla ya hapo walikuwa wanamuita ukuta na wanagombania kupiga naye picha.

Mimi nina steshenari jirani na geti la chuo. Wachezaji hawa wananunua kalamu kwangu, wanaprinti kazi zao kwangu, wanachajisha simu kwangu umeme ukikatika hosteli. Nawaona wakiwa wamevua jezi. Ndiyo maana nimeamua kuandika, maana naona mji mzima unawajua kwa saa moja na nusu za uwanjani na haujui chochote kuhusu saa zilizobaki.

Chukueni winga mmoja ambaye majina yake ya utani yako kwenye vibao vya bodaboda. Siku moja kaingia dukani usiku, anachechemea, goti amelifunga khanga, na ndani ya khanga kaweka barafu zile za mfuko za shilingi mia, zile za ubuyu, maana ndizo alizozipata kwa mangi. Maji mekundu yanachuruzika hadi kwenye kandambili. Kaleta flashi, ana kazi ya kikundi ya kuwasilisha asubuhi. Kurasa zilikuwa nyingi kuliko hela aliyokuwa nayo. Akaniomba, "Mama, tupunguze herufi, halafu lile jalada tulitoe, jina nitaandika kwa mkono." Tukahangaika na herufi mpaka zikatosha. Wakati tunahangaika, mteja mwingine aliyekuwa anatoa kopi kamtambua, kamkumbatia, kapiga selfi, kisha akamwambia: "Jumamosi usituangushe, nimeweka hela yangu pale." Kijana akacheka tu, akasema sawa braza. Hakuna aliyemuuliza goti.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tunawapenda, hilo halina ubishi, uwanja unajaa. Lakini tumewapenda hadi tukasahau kwamba ni wanafunzi, ni watoto wa watu, wengi hawajafika hata miaka 22. Wengi wanaishi kwa boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi. Mnajua fedha ya chakula na malazi ya mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, na hapo ni kwa aliyebahatika kupata mkopo. Kwenye hiyo atoe kodi ya chumba, ale, anunue vocha, na kama mama yake huko nyumbani anaumwa, atume na kwao. Halafu aamke saa 11 alfajiri akakimbie kuelekea Mweka na ile baridi, saa moja na nusu awe darasani, jioni mazoezi, usiku asome. Akipata sapu, yaani akifeli somo ikabidi arudie mtihani, hakuna shabiki anayekwenda kumlipia. Akidisko, yaani akiondolewa chuo kwa kufeli, jina lake linafutika mtaani ndani ya muhula mmoja, na mwaka unaofuata tunashangilia mwingine mwenye namba ile ile mgongoni.

Na sifa nazo zinalemea, si matusi peke yake. Kuna watu wanapiga simu saa sita usiku kumuuliza mchezaji kama amelala. Wapo wanaowapeleka baa kijiweni wakawanunulia bia na nyama choma kama zawadi ya goli, kijana wa mwaka wa kwanza, ametoka shule ya bweni juzi, ataanzaje kukataa mbele ya watu wazima waliomshangilia? Akilewa wanampiga picha. Kwa mabinti ni mbaya zaidi. Mtu ana familia yake, anamnunulia binti raba, kesho anadai ahsante ambayo nyote mnaelewa ni ipi. Binti akikataa anaambiwa ana maringo, ustaa umempanda kichwani. Nimewaona wakisimama dukani kwangu bila kununua kitu, wanasubiri gari fulani liondoke pale getini ndipo wavuke barabara. Nawawekea kiti wakae. Nawaomba wanaume wa mji huu mlisome hilo mara mbili.

Nimalizie na jambo moja la historia. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa na miaka 20. Ishirini! Ni umri wa huyu golikipa. Miaka miwili baadaye nchi ikasusia Olimpiki ya Montreal, akakosa mbio ambayo dunia nzima ilikuwa inaisubiri, yeye na John Walker, mkimbiaji wa New Zealand. Wakubwa waliamua, kijana akabeba. Alirudi akachukua medali ya fedha Moscow 1980 kwenye kuruka viunzi na maji, mita 3,000. Tunamtaja kama sanamu, tunasahau kwamba alikuwa kijana mwenye umri wa kutumwa dukani na mama yake.

Naomba tujadili kwa heshima. Na msitume ile video humu.

---

Shabiki Kindakindaki

Mleta mada una huruma, nakuheshimu, ila nina neno. Mchezaji akikubali kuvaa jezi mbele ya watu amekubali na lawama. Sisi tunatoka Pasua, tunalipa nauli, tunapiga ngoma mpaka mikono inavimba. Akifungwa goli la kizembe tunyamaze? Huko Ulaya wachezaji wanazomewa wanavumilia. Ukiwalea kama mayai hawatakuja kufika popote.

---

Mwalimu wa Michezo

Kindakindaki, wa Ulaya unaowasema wanalipwa mshahara, wana daktari, wana wakala, wana mtu wa kuwaandalia chakula. Hawa wetu hawana. Nafundisha michezo kwenye chuo kwa muda mrefu sasa, nikueleze timu ya chuo inavyokwenda mashindanoni.

Bajeti inapita kwenye serikali ya wanafunzi na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ikichelewa, timu inasafiri na basi usiku kucha, inalala kwenye madarasa ya shule iliyofunga, magodoro chini. Mechi saa tatu asubuhi. Testi zilizofanyika wakati wako mashindanoni wanatakiwa wazifanye wakirudi, na kila mhadhiri ana lake: mmoja anaelewa, mwingine anakwambia barua yako haijagongwa muhuri wa idara. Nimewahi kukaa nje ya ofisi ya mhadhiri na kijana aliyetoka kutupatia kombe, tunaomba apewe testi aliyoikosa, na kijana analia kwelikweli, machozi. Jioni yake watu mtaani wanamwita mfalme.

Kuzomea uwanjani mimi sina tatizo nako, mpira ni hisia, filimbi ya mwisho ikilia yaishe. Tatizo ni kumfuata hosteli, kumtumia ujumbe, kumtaja mama yake, kumrekodi akiwa kwenye daladala. Hilo si shabiki.

---

Nesi wa Rau

Naunga mkono hoja, na naongeza la afya maana halisemwi.

Mabinti wanaokimbia wanakuja kwetu na maumivu ya mfupa wa mguu, hapa mbele ya ugoko. Ukimuuliza vizuri, mkiwa wawili, anakwambia hajaona siku zake miezi kadhaa. Anafurahi, anadhani ni dalili ya mazoezi kukolea. Siyo. Mwili unaokimbia sana huku haupewi chakula cha kutosha unaanza kuzima vitu, homoni zinashuka, mifupa inapungua uimara, mwishowe inapata ufa bila hata kuanguka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina la RED-S mwaka 2014, na wavulana pia inawapata. Dawa yake ya kwanza ni chakula: ndizi, maharage, mayai, maziwa, parachichi ambalo hapa kwetu limejaa, na kupunguza mazoezi. Sasa mwambie binti apunguze mazoezi wakati mji mzima unamuuliza Kili Marathoni atashika namba ngapi!

Jingine ni goti. Kano ya katikati ya goti, ile wanayoiita ACL, kwa wanawake wanaocheza mpira na kikapu inakatika mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume. Ikikatika, ni upasuaji na karibu mwaka mzima wa kurudi. Kwa hiyo ndugu yangu wa barafu za ubuyu, mleta mada, mwambie aende akaonekane hospitali. Barafu inatuliza uvimbe tu, haionyeshi kilichochanika ndani.

Na ubongo wa mtu, sehemu ya mbele inayopima hatari na kutuliza hasira, unaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu. Tunawadai utulivu ambao hata mwili wao haujamaliza kuujenga.

---

Mama wa Kiboriloni

Mimi si mwandikaji, ila nimesoma hadi nikashindwa kulala. Mwanangu anacheza kikapu chuo cha mkoa mwingine. Walipofungwa fainali alinipigia akasema mama usifungue Facebook. Mimi hata sijui kufungua, dada yake ndiye alifungua. Walimtaja hadi marehemu baba yake.

Huyu mtoto bado ananiuliza nguo nyeupe zinafuliwaje zisishike rangi. Akija likizo anakula mtori sufuria zima, analala hadi saa tano, anagombana na mdogo wake rimoti. Ndivyo alivyo. Sasa hao wanaomuita kwa majina makubwa makubwa sijui wanamzungumzia nani.

Aika mleta mada.

---

Steshenari ya Getini

Mama wa Kiboriloni, pole sana mama yangu, na pole kwa mzee. Mwambie kijana ajue kuna watu wanaomuombea mema bila kumdai kitu.

Nesi, ahsante, nimemtumia huyo winga maneno yako, amesema atakwenda. Nitamfuatilia.

Kindakindaki kaka yangu, ngoma pigeni. Nami naenda uwanjani, nashangilia hadi sauti inakauka. Ninachokataa ni lile deni. Nauli uliyolipa imekununulia kiti na mechi, haijakununulia usiku wa yule mtoto. Ukishatoka getini mwa uwanja, yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye testi Jumatatu.

---

Kijana wa Soweto

Nacheza timu ya chuo, sitasema kipi. Nikiri moja tu ambalo wengi hamlijui: tunasoma kila kitu. Kocha anatuambia tusisome, tunasoma. Tukishinda tunasoma, tukifungwa tunasoma zaidi. Chumbani tuko wanne, kila mtu kalala na simu usoni, hakuna anayeongea.

Kitu kinachosaidia ni kidogo sana. Kuna mzee anauza magazeti kule stendi, kila akiniona ananiuliza, "Kijana, masomo?" Haulizi mechi. Nampenda sana yule mzee.

---

Mzee wa Kikapu

Mada nzuri. Nataka niivushe hadi Marekani, maana huko ndiko michezo ya vyuo imekuwa biashara kubwa kuliko popote, na sisi Watanzania tuna mtoto wetu aliyepita humo.

Hasheem Thabeet, kijana wa Dar. Mpira wa kikapu alianza kuugusa akiwa na miaka kama 15. Mwaka 2006 akaingia University of Connecticut, akacheza misimu mitatu, mwaka 2009 timu yao ikafika Final Four, yaani nusu fainali ya mashindano ya vyuo ya nchi nzima. Juni mwaka huo akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya kule, ambapo timu zinapokezana kuchagua wachezaji wapya. Wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza NBA, ana miaka 22.

Februari 2010, hata msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis wakampeleka ligi ya chini, Dakota Wizards. Tangu hapo kila mwaka drafti ikikaribia watu wanatoa orodha za waliochaguliwa juu wakashindwa, jina lake halikosi. Wamarekani wanaandika, na sisi tunasambaza. Hebu fikirieni: kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15, lugha si yake, chakula si chake, ndani ya miaka saba anatakiwa awe bora kuliko watu walioshika mpira wakiwa na miaka minne. Kosa la kuchaguliwa wa pili ni la nani, lake au la aliyemchagua? Binafsi ninaona alifanya jambo kubwa mno, na tumemlipa kwa kumfanya kipimo cha kushindwa.

Kuna Suleiman Nyambui pia. Medali yake ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980 aliipata akiwa mwanafunzi wa University of Texas at El Paso. Redioni hapa nyumbani alikuwa shujaa wa taifa, kule chuoni alikuwa na mitihani kama wenzake.

Kwa sasa kule kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinataka mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, ila safari na matibabu havihesabiwi humo, kwa hiyo wengi wanazidisha. Tangu Julai 2021 wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato, kikomo mwaka wa kwanza kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Pesa zimekuja na zimekuja na wabetiji. Mwaka 2024 rais wa NCAA, Charlie Baker, aliomba majimbo yapige marufuku kubeti takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa chuo, kwa sababu mtu akichana mkeka, yaani akiliwa hela yake ya kubeti, anamfuata mwanafunzi kwenye simu yake kumtukana na kumtishia. Umri ule ule, hosteli zile zile.

---

Shabiki Kindakindaki

Mzee wa Kikapu, hiyo ya Hasheem sikuwahi kuisikia ikielezwa hivyo. Hapo kwenye kubeti naungana nanyi mia kwa mia. Kuzomea bado natetea, ila kwenye grupu letu la ushangiliaji mimi ni admini, nimezuia kutuma video za wachezaji nje ya uwanja na kutaja familia. Ukituma unatolewa.

---

Steshenari ya Getini

Kindakindaki, ubarikiwe. Hilo ni jambo la maana kabisa, naomba maadmini wengine wa Majengo, Njoro na Pasua waige.

---

Mzazi wa Sakina

Niko Arusha. Kijana wangu anakimbia mita 5,000, yuko chuo mwaka wa kwanza. Kuna kocha wa chuo kimoja Marekani amemuandikia, anataka kumpa ufadhili. Mtaa mzima umeshajua, watu wanakuja nyumbani kupongeza, mjomba kashaanza kuongelea kiwanja. Kijana mwenyewe kanyamaza tu. Wenye uzoefu, nianzie wapi?

---

Mzee wa Kikapu

Mzazi, hongera. Anza na kijana. Mtoe nje ya hao wageni, tembeeni wawili hadi Ngaramtoni, muulize anataka nini yeye na anaogopa nini. Usimtajie kiwanja.

Kisha mwandikie kocha, barua pepe, si simu, umuulize haya. Ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa au ni wa miaka yote minne? Maana mwingi ni wa mwaka mmoja mmoja. Unalipa kila kitu au ada tu, na kilichobaki nani atalipa? Akivunjika mguu, ufadhili unaendelea, na hospitali ni juu ya nani? Atasoma kozi anayoitaka au ile inayoendana na ratiba ya mazoezi? Desemba hosteli zikifungwa na wenzake wakienda makwao, yeye atalala wapi na atakula nini? Hili la Desemba wengi wanalisahau, watoto wanateseka.

Na zile pesa za majina na picha msizihesabu kabisa. Atakwenda kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo inabana sana kazi za malipo. Akipokea kienyeji anaweza kuipoteza viza. Aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni.

---

Mwalimu wa Michezo

Naongeza kwa Mzazi wa Sakina. Asiache chuo cha hapa kabla barua ya udahili na viza havijawa mkononi. Aombe kuahirisha mwaka kwa maandishi, anakili barua zote. Nimeona waliotangaza safari, wakaaga, viza ikakataliwa, wakaona aibu kurudi darasani kwa sababu mtaa ulishawafanyia sherehe.

Na umri usiwape presha. Alphonce Simbu amekuwa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo Septemba 2025 akiwa na miaka 33, saa 2:09:48, picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Miaka minane nyuma, London 2017, alikuwa na shaba. Kijana wako akibaki miaka mitatu hapa Arusha akasoma akala vizuri, hajachelewa chochote.

---

Mzazi wa Sakina

Nashukuruni sana. Nimeongea naye jana jioni. Anataka kwenda, ila anaogopa kumuacha bibi yake, ndiye aliyemlea. Kocha nimemwandikia maswali yote, la Desemba nimeliweka la kwanza. Mjomba nimemwambia asirudi na habari za kiwanja hadi kocha atakapojibu.